Kaseti ya Bibi wa Tanga

Mahbuba binti Aflah aliisikia sauti yake mwenyewe akiwa kwenye teksi, amekaa kiti cha nyuma na mfuko wa dawa za macho za baba yake mapajani. Ilikuwa mwaka 1996, joto la Maskati ndiyo kwanza limeanza kupungua. Gari lake lilikuwa gereji, naye alitoka kazini wizarani akasimamisha teksi Ruwi ili apeleke dawa Ansab kabla ya kurudi nyumbani kwake Al-Khuwair.

Dereva alikuwa kijana wa watu waliotoka bara la Afrika; alimtambua kwa namna alivyomwamkia tu. Walipofika kwenye taa akasukuma kaseti ndani ya redio. Kinanda kikaanza. Mahbuba akafikiri, wapigaji hawa nao wanapiga kama kikundi chetu. Kisha kipaza sauti kikalia kwa ukali, mtoto akasikika akililia maji, na mwanamke akaanza kuimba.

Ule mlio wa kipaza sauti aliujua. Na yule mtoto aliyelilia maji alimwona kwa macho yake harusini, alikuwa amekaa chini karibu na spika.

"Nani huyu anayeimba?" aliuliza.

"Bibi wa Tanga, mama. Hukuwahi kumsikia? Madereva wote wanaye."

"Yuko wapi sasa?"

"Ah, marehemu," alisema dereva. "Wanasema kafa zamani, huko huko Afrika."

Mahbuba alishuka kabla ya kufika Ansab, njiani tu, mbele ya duka la mikate. Alisimama kwenye jua na mfuko wake wa dawa mpaka mwenye duka akatoka kumuuliza kama anaumwa.

Lazima niseme alikuwa nani, ili ieleweke kwa nini alishuka njiani. Watu wa kwao walihama Tanga wakaja Oman mwanzo wa miaka ya sabini. Asubuhi alikuwa karani wa mafaili, mama mwenye abaya nyeusi asiyezungumza sana. Mwisho wa juma alikuwa mwimbaji wa harusi za wanawake. Alikuwa na kikundi cha akina mama wanne, na kinanda, ngoma na spika walizonunua kwa kuchangishana, nao walikodiwa kuanzia Seeb mpaka Yiti. Waliimba mbele ya wanawake tu. Wanaume hawakukaribia hata uwanja wa magari. Mlangoni alisimama mdogo wake, Khole, akipekua mikoba ya wageni, na aliyekuja na kamera au rikoda aliiacha kwake mpaka kuondoka. Kwa ajili hiyo wanawake walivua mitandio, wakacheza, na Mahbuba akaimba maneno ambayo nje ya ukumbi ule yasingesemwa.

Mumewe, Yaqoob, mhandisi wa visima vya maji, alikubali kazi hiyo kwa sharti moja tangu wanaoana. Sauti isitoke kwa wanaume. Yeye mwenyewe hakuwahi kumsikia akiimba. Nyumbani Mahbuba hakuimba hata akipika. Aliona kama ni heshima ya lile sharti.

Na baba yake, mzee Aflah, hakuwahi kutamka neno juu ya uimbaji huo. Mahbuba alipokuwa na miaka kumi na tatu aliimba kwenye sherehe ya shule Tanga, na mzee akaja kumtoa jukwaani kwa mkono. Maskati alipoanzisha kikundi, mzee hakukataza wala hakuridhia. Mazungumzo yakifika huko aliinuka akaenda kutawadha, hata kama wakati wa sala bado.

Sasa, jioni ile, Mahbuba alimngoja Yaqoob sebuleni bila kuwasha televisheni. Alipoingia hakumpa nafasi ya kuvua viatu.

"Kuna kaseti inazunguka mjini," alisema. "Ya mwanamke anayeimba harusini."

"Ya Bibi wa Tanga?" alisema Yaqoob. "Ninayo garini."

Mahbuba aliinuka.

"Kanipa Asaad wa ofisini. Tulikuwa njiani kwenda Yiti kutazama kisima, akaiweka. Unamjua yule mama? Nilitaka kukuuliza, maana wewe mtu wa Tanga."

"Umeisikiliza yote?"

"Upande mmoja. Nnaurudia huo huo kila siku."

"Nenda kasikilize mwisho wa upande wa pili."

Yaqoob alidhani mkewe anamtania, lakini alitoka. Mahbuba alimwona kupitia dirishani amekaa kwenye gari, mlango wazi, mguu mmoja nje. Kaseti ilikwenda mbele kwa mlio wake wa haraka, ikasimama. Mwisho wa upande wa pili hakuna wimbo. Kuna sauti ya mwanamke anayesema kwa utulivu: "Bi Balqees anawashukuru nyote, chakula kiko tayari, aliyeacha kiatu chake karibu na kinanda aje akichukue." Sauti ya kuimba Yaqoob hakuijua. Hii ya kusema aliijua. Ndiyo iliyomwamsha sala ya alfajiri kwa miaka kumi na tano.

Alikaa kule muda mrefu. Aliporudi ndani, uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu aliyetoka kuzika.

"Nilimsifu," alisema. "Mbele ya Asaad na wenzake wote. Nilisema, mwanamke huyu ana sauti ya kumtoa mtu machozi. Wakanicheka. Nimekaa nnamsifu mke wangu mbele ya wanaume na sijui."

"Wallahi sijui ilivyotoka, Yaqoob."

"Sikukuuliza."

Hakupiga kelele. Alichukua mto wake akahamia majlisi, chumba cha wageni, na asubuhi akaondoka bila kunywa chai. Mahbuba angeona afadhali kama angegombana naye.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini akaenda Ruwi, akauliza duka hadi duka mpaka akalipata lile zilikotoka kaseti. Mwenyewe aliitwa Msellem, mtu mzima mchangamfu, na rafu zake zilijaa kaseti mpaka darini. Za Bibi wa Tanga zilikuwa mbele, karibu na mlango. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya waridi.

"Huyu ndiye anayeniendeshea duka," Msellem alisema alipoona anaitazama. "Chukua, mama, hutajuta."

"Aliyeimba alikupa ruhusa?"

Msellem akacheka kidogo. "Maiti atatoa ruhusa gani?"

"Nani aliyekuletea?"

"Mzee mmoja. Kaseti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, akataka nimtolee nakala. Nikaiweka hapa kujaribu. Nikamwambia mzee, huyu nani? Akasema, marehemu mke wangu. Akavuta kile kiti pale akakaa, akaisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa analia, mama. Hakujificha. Basi na mimi nikajiwekea nakala moja. Wateja wakaisikia, wakaitaka. Mwimbaji keshakufa, nikasema, nani atakayedhurika?"

"Mzee huyo yukoje?"

"Mwembamba, ana fimbo. Jicho moja limefungwa bandeji."

Ile bandeji Mahbuba alikuwa akiifunga kwa mkono wake tangu baba yake afanyiwe operesheni ya mtoto wa jicho, na jicho bado halijapona.

"Ndimi niliyeimba," alimwambia Msellem. "Sijafa. Zitoe hizo."

Msellem alimwangalia, akaangalia kaseti, akamwangalia tena. Hakubisha. Alianza kuzishusha rafuni moja moja, akisema hakujua, hakujua. Lakini wote wawili walielewa kwamba zilizotoka zimetoka.

Kutoka hapo Mahbuba alikwenda Ansab. Khole, ambaye hakuwa ameolewa na ndiye aliyeishi na mzee, alimfungulia mlango na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

"Khole," alisema Mahbuba kabla ya salamu, "harusi ya binti yake Bi Balqees, nani aliingiza rikoda?"

Khole akakaa pale pale kwenye kizingiti.

"Nilikuwa nnapekua mikoba ya watu," alisema, "na rikoda imo kwenye mkoba wangu."

"Wewe?"

"Baba aliniomba, dada. Mwaka mzima aliniomba. Kila ukitoka hapa ananiuliza, leo kaimba wapi, kaimba nini, watu walisemaje. Nikachoka kumsimulia. Sikujua kama atakwenda kuitoa nakala. Nilipoisikia kwa jirani nilitaka kufa. Nikashindwa kukwambia."

Mahbuba alimpita akaingia ndani. Mzee Aflah alikuwa majlisi, ameegemea mto, amesali alasiri. Alipomwona binti yake ameingia bila dawa na bila salamu, akajua.

"Kaa, mwanangu."

"Nimesimama pazuri, Baba. Kwa nini ulimwambia yule mtu kuwa mimi ni marehemu mama?"

Mzee alitafuta maneno. "Aliniuliza ghafla. Ningemwambia ni binti yangu? Mtu baki, dukani? Nikasema lililonijia."

"Na kwa nini likujie hilo?"

"Kwa sababu ni sauti yake."

Khole alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao. Mahbuba akauliza kwa sauti ndogo, "Mama aliimba?"

Mama yao, Bi Ghalia, alikufa mwaka 1985. Walimkumbuka kama mwanamke wa kushona na kuswali, aliyepita nyumbani kimya kimya, hata kulia kwake kulikuwa hakusikiki. Hawakuwahi kumsikia akiimba hata wimbo wa kumlaza mtoto.

"Aliimba," alisema mzee. "Tanga nzima walimjua kabla hajawa mke wangu. Mimi nilimsikia nyuma ya ukuta, harusi ya jirani, nikasimama kichochoroni mpaka wakamaliza. Kesho yake nikampeleka shangazi kwenda kumposa. Nilimposa kwa sauti ile. Sikuwa nimemwona uso."

Kisha akasema lililobaki kwa haraka.

"Na wiki ya ndoa nikamkataza. Nikamwambia, sasa we mke wa mtu. Akasema, haya. Neno moja tu hilo, haya. Hakuimba tena mpaka tunamzika. Na mimi nnangoja, nnasema labda siku moja atasahau, ataimba jikoni. Hakusahau."

Mahbuba alikumbuka alivyokuwa akijifunza nyimbo chumbani, msichana, kwa siri, na mama yake akiwa pembeni na cherehani. Mama hakuinua kichwa, lakini mara nyingine alisema, "Usikate pumzi hapo. Ivute mpaka mwisho wa neno." Mahbuba alidhani ni maneno ya mtu anayependa kusikiliza.

"Na mimi ukanitoa jukwaani," alimwambia baba yake.

"Nilikusikia ukifungua mdomo, nikamsikia yeye. Nilishindwa kustahimili."

"Ulipoinyamazisha sauti yake ulistahimili."

Machozi yalimtoka mzee jicho zima, na lile la bandeji likalowa pia. Mahbuba aliona kwamba jicho lile halifai kulowa, na kwamba inambidi ambadilishie bandeji. Akaibadilisha. Kisha akaondoka.

Balaa lenyewe lilikuwa halijafika. Katika wimbo wa mwisho wa upande wa pili mlikuwa na ubeti ambao Bi Balqees, mama wa bibi harusi, alimnong'oneza Mahbuba sikioni usiku wa harusi auimbe ili kumpasha mama wa bwana harusi:

*Mwanetu tunamtoa, mpole hana kauli,*
*Mkwewe tumesikia, friji katia kufuli.*

Ukumbi ulianguka kwa kicheko siku ile, na mwanamke mmoja kando ya rikoda akasema waziwazi, "Bi Kheiria huyo." Jina la mama wa bwana harusi likaingia kwenye kaseti. Sasa wanaume wa ukoo wa bwana harusi waliisikia njiani, ofisini, mmoja kwenye foleni ya petroli. Mume wa Bi Kheiria aliulizwa na wenzake msikitini kama ufunguo wa friji anao yeye au mkewe. Alirudi nyumbani amefura. Haikupita wiki, yule bibi harusi, Maram, akarudishwa kwa mama yake, mtaa wa Qurum, na sanduku lake, mpaka hapo watakapoelewana wakubwa.

Simu za kukodi kikundi zikakatika. Waliokwisha kuweka siku wakaifuta. Akina mama wenzake Mahbuba hawakumlaumu kwa mdomo, ila mpiga ngoma alichukua ngoma yake akaipeleka nyumbani, na kinanda kikabaki stoo kimefunikwa shuka. Mwanamke gani angevua mtandio mbele yao tena?

Bi Balqees alikana kila kitu. Alisema ubeti ule ni wa mwimbaji mwenyewe. Mahbuba hakumbishia. Alivaa abaya yake akaenda peke yake kwa Bi Kheiria.

Bi Kheiria alimkaribisha kwa kahawa, kama desturi, akangoja anywe.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Mahbuba. "Kinywa ni changu. Nani kanituma si hoja."

"Mimi nilikuwemo ukumbini," alisema Bi Kheiria. "Umesahau? Nilikuwa mstari wa mbele. Nilicheka mpaka nikakanyaga nguo yangu."

"Nnakumbuka."

"Lilikuwa tusi, lakini lilikuwa letu. Siku ya harusi ya mwanangu wa pili ningekukodi wewe umrudishie Balqees, na angecheka na yeye. Ndivyo tunavyoishi. Sasa limekuwa la madereva. Mume wangu kaacha kwenda msikiti wa mtaani, anakwenda wa mbali." Alichukua kikombe cha Mahbuba akakitikisa, akamwuliza kama aongeze. "Radhi nnakupa. Lakini ile starehe tuliyokuwa nayo, nani atanirudishia?"

Mahbuba alilia kwenye gari, akiwa bado uani kwa Bi Kheiria.

Maram alirudi kwa mumewe baada ya Ramadhani. Bi Kheiria ndiye aliyekwenda kumchukua. Na kwa Yaqoob mambo yalikwenda polepole. Alikwenda Ruwi kimyakimya akahakikisha rafu ya Msellem ni tupu. Kwa Asaad na wenzake hakusema chochote, akaacha kupanda gari moja nao. Mto wake ulirudi chumbani siku moja bila maelezo. Kaseti yake, ile ya garini, Mahbuba hakumwuliza iko wapi.

Kwa baba yake hakwenda muda mrefu. Khole alimpigia simu akilia, akisema mzee hali chakula. Alipokwenda hatimaye, Ijumaa moja, alikaa mbali naye na kumwuliza jambo moja tu.

"Mama aliimba nini? Niimbie."

Mzee Aflah alijaribu. Alifunga macho, akafungua mdomo, na kilichotoka ni nusu ya mstari juu ya mwanamke anayengoja barua, kisha sauti ikapotea njia. Alirudia mara kadhaa. Kila mara ilikuwa tuni nyingine.

"Nimeisahau," alisema, na alishtuka mwenyewe alipolisema. "Yarabi, miaka yote nilidhani nnayo."

Dada wawili wakatazamana. Walikuwa hawajaogopa kiasi kile hata siku ya kumzika mama yao.

Ndipo Mahbuba alipoanza kutafuta. Tanga alikuwa amebaki mama mkubwa wao, Bi Zuweina, dada yake mama, mkongwe asiyetoka kitandani. Nyumba yake haikuwa na simu, ila jirani alikuwa nayo, na ilibidi wajukuu wambebe mpaka huko. Siku waliyopatana, Mahbuba alimwita Khole nyumbani kwake, wakakaa sakafuni karibu na simu na masikio yao yakigusana.

"Mama mkubwa, ni mimi Mahbuba wa Ghalia."

"Nani?"

"Mahbuba. Nataka wimbo aliokuwa akiimba mama."

Laini ya simu ikavuma tu. Khole alidhani simu imekatika.

"Ghalia," alisema Bi Zuweina. "Walimnyamazisha mdogo wangu. Na nyinyi hamkuuliza. Miaka mingapi mmekaa hamkuuliza?"

"Tunauliza sasa, mama mkubwa."

Kizee akakohoa, akaanza. Sauti ilikuwa nyembamba, imepasuka, lakini haikupotea njia. Mwanamke anangoja barua, mwenye barua yuko mji wa ng'ambo, mvua inanyesha. Alipofika mwisho wa mstari aliivuta pumzi mpaka neno likaisha. Mahbuba aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akautoa, akaomba arudie, na safari hii akamfuatisha kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, akikosea na kurekebishwa kwa ukali kutoka Tanga.

Walikuwa wamefika ubeti wa tatu Yaqoob aliporudi kutoka kazini. Alifungua mlango, akasimama na funguo mkononi. Mahbuba alimwona. Aliendelea kuimba.